Raspberry Pi 5 kwenye meza ya fundi: bodi inayosema panapouma

Bodi hunifikia zikiwa zimegoma. Sizioni siku zinapotolewa kwenye boksi, naziona pale mwenyewe ameshabadilisha kadi ya microSD inayobeba mfumo, ameshabadilisha kebo, ameshafuata ushauri wa kila aliyemshauri, na sasa anasema, "Fundi, hii imekufa." Ndiyo maana nikiulizwa kama Raspberry Pi 5, kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo, inamfaa mtu anayejiundia vitu vyake kwa mapenzi tu, sianzi na kasi. Naangalia siku itakapogoma: itamwambia nini mwenye nayo? Bodi ya kujifunzia inapaswa kuwa kama mgonjwa anayeweza kuonyesha kwa kidole panapouma. Kwa kipimo hicho, hii ndiyo bora katika familia yake yote niliyowahi kuifungua mezani. Ina sehemu mbili zitakazomtesa mgeni asipoonywa mapema: umeme wake na pini zake. Nitazieleza zote mbili kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazowakatisha watu tamaa.

Kwa asiyeifahamu: familia hii ilianza Februari 2012 na bodi yenye kiini kimoja cha megahezi 700 na kumbukumbu ya megabaiti 256. Ya tano ilitangazwa Septemba 2023 ikaanza kuuzwa Oktoba mwaka huohuo. Ina viini vinne vya Cortex-A76 vinavyokwenda gigahezi 2.4. Zilitangulia za kumbukumbu ya gigabaiti 4 na 8, ikaja ya 2 Agosti 2024, na ya 16 Januari 2025. Miradi mingi inayopita mikononi mwangu, kama vipima hali ya hewa, seva za picha za familia, kamera za kutazamia viota vya ndege na mashine za michezo ya zamani, inatosheka na gigabaiti 4 na nafasi inabaki. Anayenunua ya 16 ili awashe taa kwa simu anajilipisha bure.

Sasa umeme. Raspberry Pi 5 inataka volti 5 zenye ampea 5, na chaja yake rasmi ya wati 27 inatoa volti 5.1. Watu wanateleza hapa, tena kwa sababu inayoeleweka kabisa. Mtu ana chaja ya kompyuta mpakato ya wati 65, anajiambia kwamba 65 ni zaidi ya mara mbili ya 27, basi imezidi. Lakini chaja za USB-C hufikia wati nyingi kwa kupandisha volti hadi 9, 15 au 20, na bodi hii haitumii volti hizo. Kwenye volti 5, chaja nyingi za namna hiyo huishia ampea 3. Bodi ikizikuta ampea 3 haikatai kuwaka. Inabana tu umeme inaougawa kwenye milango ya USB, jumla isizidi miliampea 600, badala ya ampea 1.6 inazoruhusu ikiwa na chaja kamili. Mwenye kibodi na kipanya hataona tofauti. Mwenye diski ya nje ataiona diski ikitokea na kupotea, ikitokea na kupotea, na lawama zote zitaiangukia diski.

Nimeona kijana aliyefomati diski nzima upya, picha zake zote zikaenda, kumbe diski ilikuwa na njaa ya umeme tu. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa kwenye skrini yake tangu mwanzo. Bodi ilikuwa imemtolea onyo kwamba chaja haiwezi kutoa ampea 5 na kwamba vifaa vya USB vitabanwa. Alilifunga onyo lile bila kulisoma, jinsi tulivyozoeshwa kuyafunga maonyo yote. Na ukijaribu kuiwasha kutoka diski ya USB kwa chaja dhaifu, inasimama, inakueleza sababu, kisha inakuambia ubonyeze kitufe cha kuwashia kama unataka kuendelea hivyohivyo. Hiyo ni heshima kwa mtumiaji. Ninazifahamu bodi ambazo katika hali hiyo zingezima tu na kukuacha ukikisia.

Kuna amri ninayomfundisha kila mtu kabla hajajifunza nyingine yoyote:

vcgencmd get_throttled

Ikijibu 0x0, umeme na joto viko sawa. Ikijibu 0x50000, kuna lililotokea tangu bodi iwashwe ingawa sasa limepita. Ikijibu 0x50005, linatokea sasa hivi, mbele ya macho yako. Kuisoma si kazi ngumu. Ile 5 ni jumla ya 1 na 4: 1 maana yake volti imeshuka mno, 4 maana yake bodi imejipunguzia kasi. Tarakimu ya mwisho kulia ni habari ya sasa, ya tano kutoka kulia ni historia tangu kuwaka. Kikomo chenyewe ni karibu volti 4.63; chini ya hapo bodi inahesabu kwamba imenyimwa umeme.

Raspberry Pi 5 imeongeza kitu ambacho mimi kama fundi ninakithamini kuliko gigahezi zote. Chipu inayosimamia umeme wake inaweza kuulizwa moja kwa moja inapokea nini. Andika vcgencmd pmic_read_adc, utafute mstari wa EXT5V_V, uone volti zinazofika kwenye bodi yenyewe, baada ya kebo na baada ya kiunganishi. Zamani ilinibidi nishike mita na kugusa pini kwa ncha za waya huku mkono ukitetemeka. Sasa mtu aliye mbali, asiye na mita, ananisomea namba kwa simu na tunajua tulipo.

Na mara nyingi tulipo ni kwenye kebo. Fanya hesabu hii: kebo nyembamba yenye ukinzani wa omu 0.2 kwenda na kurudi, ikipitisha ampea 3, inakula volti 0.6. Chaja inatoa 5.1, bodi inapokea 4.5. Chaja ni nzima, bodi ni nzima, na bado mfumo unazima kila kamera inapoanza kurekodi. Ndiyo sababu naipendelea chaja rasmi: kebo yake haichomoki. Wengine wanaona hilo ni usumbufu, lakini kwangu ni mlango mmoja wa matatizo uliozibwa kiwandani.

Tuje kwenye dalili nyingine. Bodi hii ina taa moja ndogo ya hali badala ya mbili: nyekundu ikiwa imezimwa huku umeme upo, kijani ikiwa inafanya kazi. Taa hiyo ikianza kuwaka kwa mpangilio, ihesabu. Miwako mifupi 7 maana yake kerneli (moyo wa mfumo) haikuonekana, yaani kadi inasomeka ila yaliyomo yana kasoro. Miwako 8 ni kumbukumbu ya bodi yenyewe imeshindwa, na hapo sina dawa ya kukupa. Tofauti ya 7 na 8 ni tofauti ya kuandika kadi upya na kurudisha bodi ulikoinunua, kwa hiyo tulia, hesabu taratibu, rudia kuhesabu.

Lakini skrini inasema zaidi kuliko taa. Programu ya kuwashia haiko tena kwenye kadi. Iko kwenye EEPROM, chipu ya kumbukumbu ya kudumu iliyo juu ya bodi, kama ilivyokuwa kwenye Raspberry Pi 4. Kwa hiyo hata bila kadi, bodi ikiunganishwa na skrini inaonyesha ukurasa wa uchunguzi: aina ya bodi, namba yake, kama imeona kadi, kama imeona mtandao, inajaribu kuwaka kutoka wapi. Mtu akiniambia imekufa, ombi langu la kwanza ni hilo: toa kadi, toa kila kitu kwenye USB, toa nyaya zote kwenye pini, iache na chaja na skrini tu. Ukurasa ule ukitokea, bodi iko hai na tunatafuta tatizo mahali pengine. Tumia mlango wa HDMI ulio karibu na tundu la umeme. Ule wa pili unaweza kukaa kimya wakati wa kuwaka ukadhani ni ugonjwa. Na milango yote miwili ni ile midogo, micro HDMI, jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo. Ni laini na inahitaji kebo au kiunganishi ambacho wengi hawana nyumbani, hasa anayeanza.

Programu ya kuwashia yenyewe ikiharibika, inarudishika. Raspberry Pi Imager, ile programu ya kuandikia kadi, ina chaguo la kuandaa kadi ya kuifufua. Unaichomeka, unawasha, na skrini ikigeuka kijani kitupu, imekwisha. Nimewaona watu wakiwa tayari kuitupa bodi ambayo ilihitaji hatua hiyo tu.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo naona haitajwi inavyostahili. Katikati ya milango miwili ya HDMI kuna kiunganishi kidogo cha pini tatu. Hicho ni mlango wa seriali wa kuchunguzia. Kwenye bodi zilizotangulia, ukitaka kusikiliza bodi inavyosema wakati inawaka, unaunganisha nyaya kwenye pini 6, 8 na 10 za safu kuu, na ole wako kama mradi wako tayari unazitumia. Kwenye ya tano, mlango huu ni wa kazi hiyo peke yake. Kuna kifaa kilichotengenezwa kwa ajili yake, Raspberry Pi Debug Probe, kilichotoka Februari 2023, chenye chipu ya RP2040 ndani. Kebo yake ya pini tatu inaingia moja kwa moja, upande wa pili unachomeka kwenye kompyuta yako, unafungua dirisha la amri:

screen /dev/ttyACM0 115200

Kisha unawasha bodi, na inaanza kusimulia. Programu ya kuwashia inasema imeona kadi ya ukubwa gani, imesoma faili gani, imeshindwa wapi. Baadaye kerneli inachukua zamu, na ukiwa umewasha konsoli ya seriali kwa raspi-config, programu ya mipangilio ya bodi, unaweza kuingia na kufanya kazi bila skrini wala mtandao. Siku bodi imefungwa ndani ya sanduku juu ya paa, mipangilio ya mtandao imeharibika, na hakuna njia nyingine ya kuifikia, waya huu ndio wokovu wako. Anayemiliki Raspberry Pi Pico, ile bodi ndogo ya kudhibiti vifaa isiyo kompyuta kamili, anaweza kuigeuza kuwa kifaa hichohicho kwa kuiwekea programu yake, ingawa itabidi atafute kebo inayokubali kiunganishi kile kidogo. Mimi ningemwambia mtu apunguze ukubwa wa kumbukumbu anayoinunua ili apate nafasi ya kununua kifaa hiki. Hakuna kinachofundisha namna kompyuta inavyoamka kama kuiona ikiamka mstari kwa mstari.

Joto sina mengi ya kusema. Ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguzia kasi, na kwa kazi nzito bila feni itafika. Kipoza rasmi kinachomeka kwenye kiunganishi chake cha pini nne, kinaanza kuzunguka kwenye nyuzi 50, kinaongeza kwenye 60 na tena kwenye 67.5, kinakwenda kwa nguvu zote kwenye 75. Kinunue tu.

Pini ndizo sehemu ya pili ya mateso, na hapa nina neno kali zaidi. Kwenye bodi zote zilizotangulia, pini za safu kuu (GPIO), zile za kuunganishia taa na sensa, zilidhibitiwa na chipu kuu yenyewe. Maktaba maarufu ya Python iitwayo RPi.GPIO ilikuwa ikiandika moja kwa moja kwenye anwani za kumbukumbu za chipu hiyo. Kwenye Raspberry Pi 5 pini zimehamishiwa kwenye chipu nyingine, RP1, iliyoundwa na kampuni yenyewe, inayozungumza na chipu kuu kupitia PCIe, njia ya kasi ya kupitishia data. Kiuhandisi ni uamuzi mzuri, maana USB na mtandao vimepata nafasi ya kupumua. Lakini anwani zile za zamani hazipo tena. Mwanafunzi anachukua somo lililoandikwa kwa Raspberry Pi 3, ananakili mistari neno kwa neno, na programu inamjibu kwamba imeshindwa kutambua anwani ya msingi ya chipu. Hajakosea popote. Somo ndilo limepitwa na wakati, na hakuna aliyemwambia.

Dawa zipo. Iliyo bora ni gpiozero, ambayo inapitia kwa kerneli badala ya kujichukulia anwani, na msimbo wake unasomeka hata kwa mtoto. Kama una mradi mkubwa wa zamani usiotaka kuuandika upya, ondoa RPi.GPIO na uweke rpi-lgpio, ambayo inajibu kwa jina lilelile la zamani. Zisikae zote mbili pamoja, zitagombana. Na ukikutana na maelezo yanayotaja gpiochip4, jua kwamba ndivyo pini zilivyosajiliwa mwanzoni kwenye bodi hii. Baadaye kerneli ikazirudisha gpiochip0. Amri ya gpiodetect itakuonyesha hali ilivyo kwako: tafuta palipoandikwa pinctrl-rp1. Wenye taa za ukanda za WS2812 nao waangalie kwanza kama maktaba wanayoitegemea imefuata mabadiliko haya.

Kwa maoni yangu, bodi inayouzwa kwa wanaojifunza ilipaswa kuja na onyo hili kwa herufi kubwa. Masomo ya zaidi ya miaka kumi yaliandikwa kwa RPi.GPIO. Hayafutiki, na anayeanza leo atayakuta kabla hajayakuta mapya.

Hata hivyo bodi inakupa macho ya kujisaidia. Andika pinout na utachorewa ramani ya pini mbele yako. Andika pinctrl na utaona kila pini iko katika hali gani: ya kuingizia au kutolea, juu au chini. Hizo amri mbili zingeokoa jioni nyingi. Chukua mkanganyiko unaojirudia kuliko wote: somo linasema GPIO17, mtu anahesabu pini mpaka ya 17 kwenye safu. Pini ya 17 kwa kuhesabu ni umeme wa volti 3.3 usiozimika. GPIO17 iko pini ya 11. Kwa hiyo taa yake inawaka na haizimi hata afanye nini, naye anaandika upya programu isiyokuwa na kosa lolote. Ramani ya pinout inaonyesha namba zote mbili bega kwa bega.

Kuna maradhi bodi isiyoweza kukutajia kwa maneno, ya vitu ulivyoviunganisha wewe. Hapo ndipo inabidi kujua lugha ya sensa. Kipimajoto cha DS18B20 kikikujibu nyuzi 85 ndani ya chumba cha kawaida, usiandike msimbo wa kurekebisha: 85 ndiyo thamani kinayoanza nayo kikiwashwa, kabla hakijapima chochote. Inakuambia kwamba kipimo hakikukamilika, na mara nyingi ni umeme wake unaokatika au ile rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na volti 3.3 ambayo haijakaa sawa. Kwa sensa za I2C, zinazopeleka habari kwa nyaya mbili, amri ya i2cdetect -y 1 inakuchorea jedwali la anwani zilizoitika. Sensa ya hali ya hewa ya BME280 itaitika kwenye 0x76 au 0x77, saa ya DS3231 kwenye 0x68. Jedwali likiwa tupu kabisa, acha msimbo, rudi kwenye nyaya: pini 3 ni data, pini 5 ni mapigo ya saa, na watu huzibadilishana kila mara. Likiwa na anwani ila si ile iliyo kwenye msimbo wako, badilisha msimbo. Nusu ya kazi yangu ya kuwasaidia watu ni kuwashawishi wafanye hivi kabla ya kugusa kitu kingine.

Na kipima umbali cha HC-SR04, kile chenye macho mawili, kinarudisha jibu lake kwa volti 5. Pini za bodi zinazungumza kwa volti 3.3. Weka rezista ya kiloomu 1 na ya kiloomu 2 zigawane volti hizo, pini ipokee karibu 3.3. Mimi sikubali kuwasha mradi wa mtu kabla sijaziona rezista hizo kwa macho.

Upande wa programu, mfumo uliotoka pamoja na bodi hii, uliojengwa juu ya Debian Bookworm, toleo mojawapo la Linux, nao umehamisha samani. Faili la mipangilio la config.txt sasa liko /boot/firmware, na ukilihariri lile la zamani kwenye /boot hutaona badiliko lolote. Mtandao unasimamiwa na NetworkManager, hivyo ile desturi ya kuweka faili la wpa_supplicant.conf kwenye kadi haifanyi kazi tena. Weka jina la mtandao na nenosiri ndani ya Imager wakati wa kuandika kadi. Jina la mtumiaji pi na nenosiri raspberry halipo tangu 2022, na ni vizuri. Ukiita pip, programu ya kusakinishia maktaba za Python, moja kwa moja itakataa, ikikuambia mazingira yanasimamiwa na mfumo. Usilazimishe. Tengeneza mazingira yako:

python3 -m venv --system-site-packages mradi

Lile chaguo la katikati ni muhimu, kwa sababu bila hilo gpiozero na maktaba za kamera zilizokuja na mfumo hazitaonekana ndani yake, na utadhani hazipo.

Kamera nayo ina jambo lake. Viunganishi vya kamera kwenye ya tano ni vyembamba, vya njia 22, wakati kamera nyingi za zamani zina ukanda wa njia 15. Unahitaji ukanda wa kubadilishia, na uangalie upande wenye shaba unatazama wapi. Baada ya hapo rpicam-hello --list-cameras inakuambia kama kamera imeonekana. Masomo ya zamani yatakuambia raspistill. Hiyo haipo tena.

Kadi bado ndiyo kiungo dhaifu. Tatizo hilo bodi hii haikulizaa na haijalimaliza. Kadi bandia zinajitangaza kuwa na gigabaiti 64 huku ndani zina sehemu ndogo tu ya hizo. Zinaandikika vizuri mpaka zijae, kisha data mpya inakwenda hewani. Kabla ya kuiamini kadi yoyote ninapitisha f3write, halafu f3read, programu za kupima ukubwa halisi wa kadi, na ninasubiri hata ikichukua muda mrefu. Kwa kitu kitakachokaa kikiwaka miezi na miezi, tumia ule mlango mpya wa PCIe uweke diski ya NVMe, ile ya chipu yenye kasi. Kikomo chake rasmi ni kizazi cha 2 kwa njia moja, na unaweza kuulazimisha kizazi cha 3 kwa mstari mmoja kwenye config.txt. Mimi sifanyi hivyo kwenye mradi wa mtu mwingine: kasi ya kizazi cha 2 inatosha, na kosa la diski linalotokea mara moja kwa wiki ni gumu mno kulifukuzia. Kitufe cha kuzimia, ambacho familia hii ilikisubiri tangu mwanzo, kinasaidia hata wenye kadi, kwa sababu mtu hana tena kisingizio cha kuchomoa umeme wakati faili zinaandikwa.

Kuna bodi za makampuni mengine zenye viini vingi zaidi na kasi kubwa zaidi kwenye karatasi, na watu huniuliza kwa nini sizipendekezi. Nimekaa na zile ambazo mfumo wake ulitolewa mara moja na kuachwa, kerneli ya zamani isiyosasishwa, na maelezo ya pini yaliyotofautiana na bodi yenyewe. Mwenye uzoefu ataziweza, na zipo zinazotunzwa vizuri. Anayeanza akikwama saa nne usiku anahitaji maelezo yaliyo sahihi na dalili zinazosomeka, na hivyo vyote anavipata hapa.

Lakini si kila mradi ni wa bodi hii. Ukitaka kompyuta ndogo ya kutuma picha moja kila saa, Zero 2 W ya 2021, bodi nyingine ya familia hii, ina viini vinne na megabaiti 512, na chaja ya kawaida inaitosha. Ukiwa na mradi wa zamani unaotegemea tundu la sauti la duara, ya tano haina. Baki na ya 4. Ukihitaji kusimba video ya H.264 kwa saketi maalumu badala ya viini, ya 4 inayo na ya tano haina. Na anayetaka kupima unyevu wa udongo kwa betri, asome sensa, atume namba, alale, ahitaji kompyuta ya nini? Achukue Pico W. Inaamka papo hapo, haina kadi ya kuharibika, na ukikata umeme ghafla hakuna kinachopotea.

Ukishaamua kuchukua ya tano, nunua chaja rasmi, kipoza, kebo ya micro HDMI na kile kifaa cha seriali pamoja nayo siku hiyohiyo. Kama mradi utakaa mbali na mtandao, ongeza betri ya saa, ya aina inayochajika, inayochomekwa kwenye kiunganishi kilichoandikwa J5. Kuichaji kumezimwa tangu kiwandani; washa uchaji huo kwa mstari wa dtparam=rtc_bbat_vchg=3000000 kwenye config.txt. Ukiisahau, kila umeme ukikatika kumbukumbu za kipima hali ya hewa chako zitaandikwa kwa tarehe zisizo zake.